Safu ya Kazi

Safu ile niliiongeza mwenyewe kwenye rejista, kwa rula na kalamu nyekundu, na nilijiona mjanja. Nilikuwa mratibu wa elimu ya watu wazima, madarasa matano kati ya Ilala na Kariakoo, na vitabu tulivyoletewa vilifundisha kusoma kwa habari za pamba na migomba. Muuza maandazi wa Msimbazi pamba aifanyie nini? Nikaagiza walimu waandike, mbele ya kila jina, kazi ya mwanafunzi na mahali anapoifanyia, ili masomo yatoke humo: unga, sukari, mkaa. Wanafunzi wengi walikuwa akina mama, na walifurahi mno kuulizwa.

Kisha ikaja amri ya kuwaondoa mjini wasio na kazi inayotambulika. Maandazi ya kwenye beseni hayakutambulika. Watu walikamatwa asubuhi wakiwa kwenye biashara zao, wakapandishwa malori kwenda kulima vijijini, wengine hata nyumbani hawakupita kuaga.

Siku ya tatu bwana mmoja wa kata alikuja ofisini kwangu. Hakufoka. Alikaa, akapokea chai, akasema, "Ndugu mratibu, nasikia una orodha nzuri sana."

Nikamwambia rejista ziko kwa walimu. Zilikuwa kabatini nyuma yangu, na alikuwa akiziona. Nilikuwa na mke na watoto wawili katika nyumba ya serikali, na nilijua anayeitwa mpinga sera hamalizi humo mwezi wa pili. Nikafungua kabati. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi niliukimbiza wangu, wa wenzangu nikauacha.

Rejista zilirudi na alama za tiki pembeni ya majina. Niliambiwa niendelee kuzijaza, Ijumaa bwana yule atazipitia tena.

Alhamisi saa kumi jioni nilikwenda darasa la Msimbazi na rejista yake mkononi. Katika wanafunzi ishirini na wawili nilimkuta mmoja, mama wa makamo, beseni lake tupu liko chini ya dawati. Siku tulipoandika majina na kazi alikuwa msibani, hivyo jina lake halikuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, mtihani umekaribia na mimi simo kitabuni. Niandike na mimi."

"Subiri kidogo, mama. Mambo yatulie."

"Si mlisema asiyeandikwa hafanyi mtihani?"

Tulisema. Kanuni ilikuwa yangu. Nikaandika jina lake, na kwenye safu ya kazi nikaandika mkulima, kazi iliyotambulika. Akalivuta daftari, akaweka kidole chini ya neno, midomo ikacheza. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuomba nione jambo hilo, na siku ile niliomba ashindwe.

"M-ku-li-ma," akasoma kwa sauti. Akacheka. "Umekosea, mwalimu. Mimi nauza maandazi, pale kona ya sokoni."

Madirisha yalikuwa wazi na watu walikuwa wakipita. Nilimwomba ashushe sauti. Alidhani naona haya kwa kosa langu. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akalikata neno langu, akaanza kuandika lake, polepole, herufi kubwa kubwa. Nilisimama pembeni yake mpaka alipomaliza, na sikuthubutu kumwambia daftari lile kesho linakwenda kwa nani.