Ndege Iliyolala Chali Kasigau

Wenzangu, mimi, mtu yeyote wa Kasigau akitaja neno ndege, hata kama anaongea habari za kwale, nainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na leo acha niwaambie kwa nini, maana aibu yenyewe nimeshaizoea.

Mimi ni fundi wa redio hapa Voi, na ndege za rimoti ndio ugonjwa wangu (naunda mwenyewe kwa yale maboksi meupe ya kupakia televisheni). Basi mama mkwe, ambaye shamba lake la pojo liko chini ya mlima Kasigau, alikuwa amelizwa na tembo misimu miwili mfululizo, na sasa pojo zimebakisha wiki moja zivunwe, nami kwa kimbelembele changu nikamwambia, "Mama, hao tembo nitawafukuza kwa ndege." Akawaita majirani wote waje waone.

Siku yenyewe ilipofika, njia ya kutoka Maungu hadi Kasigau ikanitikisa kwenye pikipiki mpaka servo ya mkia, ile mota ndogo inayoinua na kushusha pua ya ndege, ikakatika meno. Nikapachika nyingine, haikuenea mahali pake, nikaigeuza ikatazama upande wa pili. Sasa servo ukiigeuza, palipokuwa kuvuta panakuwa kusukuma, kwa hivyo lazima ubadilishe mpangilio kwenye rimoti, kisha uchezeshe mkia ukiutazama, kazi ya dakika moja. Ndio nashika rimoti nianze, mama mkwe akasema, "Tuombe."

Jamani, nani atachezesha mkia wa ndege mama mkwe akiomba? Nikafumba macho. Akaanzia kwa Adamu, akapitia kwa Nuhu, akafika kwa tembo, na aliposema amina watu wakapiga makofi, nami kwa ile raha nikarusha.

Ikapanda! Mlima ule wote nyuma, na kile kitu changu cheupe mbele yake kinapanda tu, wazee wamevua kofia, mwili ukanisisimka nikasahau kwamba mimi ndiye niliyeiunda. Nikavuta kijiti cha rimoti iende juu zaidi, ikainamisha pua. Nikavuta kwa nguvu, ikajikunja kwa chini, ikapinduka chali, ikaanza kuelea vile vile chali, ikirudi kwetu.

"Hiyo ni staili?" akauliza Mzee Mwadime, jirani wa mama.

"Ndiyo, mzee," nikajibu (Mungu anisamehe).

Na ilikuwa nzuri, siwadanganyi, sijawahi kuunda kitu kikaruka vizuri hivyo, nikabaki nimeachama mdomo badala ya kuiongoza. Ikapita usawa wa vichwa ikilia, na watu wote wakatoka mbio, wakakimbilia palipokuwa wazi, ndani ya pojo, wakazunguka humo wakianguka na kuinuka, huku ndege ikijitulia barabarani chali bila hata mkwaruzo.

Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alitazama shamba lake mpaka vumbi likatulia.

"Baba Wakesho," akaniambia polepole, "tembo huwa wananiachia hata mstari mmoja."

Tangu siku hiyo sirushi kitu kabla sijauona mkia ukienda ninapotaka, na mtu akisema tuombe, namwomba kwa heshima zote anipe dakika moja kwanza. Pojo za mwaka ule nilizinunua mimi sokoni Voi, nikazibeba begani mpaka mlangoni kwa mama mkwe, naye kabla ya kuzipokea akachungulia nyuma yangu kama nimekuja na ndege.