Watu wa Chini ya Uwanja Wetu

Harufu ya kafuri bado hunisimamisha njiani. Kuna duka Isevya linalouza sanda, udi na marashi, na kila nikipita mbele yake miguu huwa mizito. Harufu hiyo niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Itetemia, mwaka ambao Baba aliamua kuchimba choo kipya.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi. Alizaliwa Mwislamu, akahitimu madrasa, kisha ukubwani akaacha kuswali na wala hakuficha. "Mimi namjua binadamu," alikuwa akisema. "Huyo wa juu muulizeni Bibi." Bibi, mama yake mzazi, aliishi nasi na hakukosa swala hata moja. Walipendana mno, na walibishana kila siku kama wapangaji wanaogombea kamba ya kuanikia nguo. Nami nilicheka nao, mpaka siku mwalimu wetu wa madrasa alipotuambia kwamba asiyeswali haswaliwi akifa, wala hazikwi na Waislamu. Tangu siku ile, nikifumba macho, nilimwona Baba yangu amelala porini peke yake, hana wa kumfukia. Sikumwambia mtu.

Mchimbaji alikuwa Kulwa, jirani yetu, mtu wa maneno mengi kuliko kazi. Siku ya kwanza, shimo lilipomfika magotini, alinyamaza ghafla. Akatoka taratibu, akalaza sururu chini kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mwalimu," alisema, "humu chini kuna watu."

Lilikuwa fuvu moja, rangi ya chai ya rangi. Baba akafukia, akapima hatua kumi, Kulwa akachimba tena. Mtu tena. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, jambo tulilolijua bila kuliwaza, kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Baba alinieleza, kwa sauti yake ya darasani, kwamba wapagazi na watumwa waliougua njiani waliachwa pale walipoangukia na msafara ukaendelea. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa natazama yale mashimo mawili, jinsi yalivyonyooka kuelekea jikoni kwetu.

Siku ya pili, saa sita mchana, upepo ulikatika. Kuku walijibanza ukutani, hata wale wakorofi. Nilikuwa uani nachambua mchicha, na nyuma yangu nikasikia kitu kizito kikitua ardhini. Ikafuata pumzi ndefu, ile anayoishusha mtu akishatua mzigo kichwani. Niligeuka. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikasikia tena, mbele kidogo: mzigo, pumzi. Halafu mara ya tatu, karibu na jiko, na hii ya tatu ilikuwa nyepesi. Barazani Bibi alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Tulitazamana.

"Udongo unaporomoka shimoni," Baba alisema kutoka mlangoni. Lakini macho yake hayakuwa shimoni. Alikuwa akitazama jikoni.

Alasiri ile ile Baba alimwonyesha Kulwa achimbe pale karibu na jiko, na hapo ikatoka mifupa midogo. Baba alishuka mwenyewe. Akalishika fuvu kwa mikono miwili, akachungulia meno, kisha akanitazama mimi, niliyekuwa na pengo mbele.

"Huyu ni rika lako," alisema, na sauti ya darasani haikuwepo tena. Kulwa alichukua shati lake akaenda zake, hakurudi.

Bibi aliingia chumbani akafungua sanduku lake. Humo aliweka sanda yake mwenyewe, kama bibi zetu wengi walivyojiwekea, pamoja na pakiti ya kafuri. Akaichana sanda vipande vitatu. "Nguo ni nguo," alisema, "kila mtu ana haki ya kusitiriwa." Kafuri akaitia kwenye ndoo ya maji. Baba aliwafukua wale wawili wa siku ya kwanza, akaosha mifupa yote, Bibi akimimina nami nikimchotea maji kwa kata.

Ndipo wakabishana, na mabishano ya siku ile sikuwa nimewahi kuyasikia.

"Tuwaelekeze kibla, Mama," Baba alisema. "Huenda walikuwa wenzako. Tusiwanyime."

"Na kama hawakuwa? Usimpachike mfu dini, mwanangu. Hana mdomo wa kukataa."

"Kwa hiyo hutawafanyia chochote?"

"Mtume wetu alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Nami nitasimama. Mengine anayajua Mwenyezi Mungu."

Nilichanganyikiwa kabisa. Asiyeamini alitetea kibla, na mcha Mungu akakikataa. Mwishowe waliwalaza kila mmoja alivyokutwa. Bibi alisimama juani, na uzee wake ule, mpaka udongo ulipojaa. Na Baba, aliyetufundisha kwamba mfu hasikii, aliinama kwenye kila shimo akasema, "Pole. Pole na mzigo." Kwenye lile dogo alichelewa kuinuka.

Kesho yake mchana nilikaa uani kwa makusudi. Hakuna kilichotua. Palikuwa kimya tu, kimya cha nyumba yenye wageni waliolala. Nikamuuliza Bibi lile lililonikaba miezi yote: Baba akifa, nani atamswalia?

"Mimi," alijibu.

Bibi alitangulia. Baba alishuka kaburini, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, hakukosea hata moja kati ya mambo asiyoyaamini.

Baba naye alifariki mwaka jana. Imamu wetu, kijana mpole, alinifuata mlangoni kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza.

"Shikamoo, dada. Pole sana. Watu wanasema mengi, nami sitaki kumdhulumu mzee. Uliwahi kumsikia kwa masikio yako akisema haamini?"

Nilikuwa nimemsikia maisha yangu yote.

"Hapana," nilisema.

Wakamswalia. Safu zilifika hadi barabarani, wanafunzi wake wa zamani wakipokezana jeneza. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, nami nikangoja moyo wangu utulie, kwani Baba hakulala peke yake. Haukutulia. Miaka yote ile nilidhani namwogopea yeye, kumbe yeye hakuwahi kuogopa. Aliyeogopa kuachwa ni mimi, na kwa hofu yangu hiyo nilimsemea uongo mtu asiye tena na mdomo wa kukataa, naye mwishowe hakuwapachika dini hata wale watu watatu asiowajua majina.