Rusinga Umekwenda Ukapaona?

Tulipomzika baba, mwaka mmoja baada ya mama, baba mdogo alitugawa kabla matanga hayajaisha. Dada yangu alipelekwa Sori kuanika omena, dagaa wa ziwani, mdogo wangu wa kiume akapelekwa Ntimaru kuchunga ng'ombe wa watu. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule darasa la saba nikawa mpishi wa wamisionari Wakorea mjini Homa Bay. Niliapa kuwarudisha wote wawili chini ya paa moja.

Paa lenyewe sikuwa nalo. Mpishi alilala stoo, kando ya magunia ya kabichi. Mkalimani ndiye aliyepewa nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua, na mkalimani wetu alikuwa amehama.

Kikorea nilifundishwa na nesi mzee wa misheni. Nilimwita Halmoni, yaani bibi. Alinifundisha tukisugua kabichi kwa chumvi. Aliniambia mtu mzima haulizwi safari zake ovyo. Unampa maji kwa mikono miwili, unangoja anywe, ndipo unamuuliza: "Ka bosyossoyo?" Je, ulipata kwenda ukapaona?

"Hata kwetu mgeni hula kwanza," nikamwambia.

"Basi nusu ya Kikorea ulikuja nayo."

Kisha akaja mzee wa kanisa kutoka Seoul kuchagua mkalimani mpya. Mwenyekiti wa kanisa letu alikuwa na mtu wake tayari, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Nilipomwambia nami naitaka kazi hiyo, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Omera, ndugu yangu, rudi kwa kabichi zako. Umeona wapi mwanamume wa kukoroga sufuria akasimama mbele ya watu?"

"Utamwona leo," nikasema.

Wakati wa chakula cha mchana yule kijana alikaa karibu na mgeni, tai imemkaba. Mgeni hajashika kijiko, kijana akamuuliza kwa Kiingereza amezuru nchi ngapi za Afrika. Mzee alimtazama, akaanza kula.

Nilitoka jikoni na aproni yangu. Nikampa maji kwa mikono miwili, nikangoja ameze.

"Changnonim," nikasema, kwa maana hivyo ndivyo wanavyomwita mzee wa kanisa, "Rusinga-e ka bosyossoyo?" Yaani kisiwa cha Rusinga, kule ziwani, alipata kwenda akapaona?

Akaweka kikombe chini. "Bado," akajibu kwa Kikorea. "Na wewe, umekwenda wapi?"

Halmoni aliinamia sahani yake. Ningeweza kusema Mombasa, nani angenipinga? Lakini sikuona aibu.

"Ntimaru," nikasema. "Nilitembea siku mbili kutoka Migori. Nilimkuta mdogo wangu ana kidonda mguuni, yuko nyuma ya ng'ombe. Mwenye boma alikataa kunipa mtoto. Nilirudi peke yangu."

"Anasema nini huyu?" mwenyekiti akauliza.

Sikumtafsiria.

"Utarudi huko?" mzee akaniuliza.

"Siku nitakayopata mahali pa kumlaza."

Mwenyekiti akamgeukia kijana wake. "Si utafsiri! Mwambie mgeni kwamba huyu hana hata cheti!"

Kijana akalegeza tai. Kikorea chake kilikuwa salamu tu, nazo alikuwa amezimaliza mlangoni. Basi nikamwambia mgeni mwenyewe, neno kwa neno, kwamba sina cheti. Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali, kisha akasema nami kwa upole, maneno machache.

"Anasema nini?" mwenyekiti akauliza tena.

"Anasema kesho nitampeleka Rusinga, na leo nipewe ufunguo wa nyumba ya mkalimani."

Mwenyekiti akajifanya hakusikia. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi, nikiwa bado na jagi la maji mkononi.

Tuliporudi kutoka Rusinga nilishika njia ya Ntimaru kwanza, Sori kwa dada ifuate, ufunguo mfukoni, na safari hii sikumwomba mwenye boma. Baba mdogo alituma ujumbe nisithubutu kumchukua mtoto bila ruhusa yake. Ulinikuta njiani, tayari tunarudi, mdogo wangu mgongoni.