Niliingia Kwenye Gemu Kumfuata Mwanangu

Binti yangu aliondoka nyumbani, na mimi nikaendelea kumpelekea chakula.

Naweka sahani mlangoni kwake, nagonga mara moja, narudi kwenye kochi. Nikipita baadaye, sahani safi. Nasema moyoni, mtoto amekula, mambo yako sawa.

Chumbani hakukuwa na mtu.

Naandika hii kwa akina mama wenzangu. Mimi si msomi. Niliishia shule ya msingi, nikaingia kazi ya usafi na ndiyo niliyozeekea. Nitaeleza kama ilivyotokea tu.

Naishi mji mdogo kaskazini mwa Sweden, mimi, binti yangu Tuva na mbwa wetu Sixten. Tuva alimaliza sekondari kiangazi kilichopita. Kazi hakupata. Akajifungia na kompyuta yake.

"Tuva, njoo ule!"

"Nakuja, mama."

Haji.

Niliogopa. Unasikia kwenye taarifa ya habari kwamba watoto wanapotelea humo, hawaogi, hawalali, hawajui ni mwezi gani. Na mimi bega lilikuwa limeharibika kwa kazi, daktari kanipa mapumziko, basi tukawa tunashinda nyumba moja kama wapangaji wawili.

Nikaamua: nitacheza hayo magemu yake. Nijue kinachomla mwanangu ni kitu gani.

Tuva alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hiyo rimoti unaishika kama mwiko!"

"Nifundishe basi, acha kunicheka."

La kwanza lilikuwa la bunduki. Nilitegemea nitatetemeka. Wapi! Nilikufa kabla sijajua kitufe cha kutembea. Nikafufuka, nikafa tena. Vijana nisiowajua wananifokea masikioni, "We bibi, toka njiani!" Sikuogopa wala sikuudhika. Nilikuwa kama mtu aliyekaa kwa daktari akisubiri kuitwa.

La pili la malori. Nilipakia mbao huku kwetu nikazishusha Uholanzi. Nikagonga geti la bandari, hakuna aliyeshuka kunitukana. Barabara nzuri, mvua nzuri, redio inaimba. Ila nyumba zote nilizopita, dirishani hakuna mtu hata mmoja. Nikaliacha.

"Basi hili utalipenda," Tuva akasema. "Ni la kuosha."

"Mwanangu, nimesugua vyoo vya shule maisha yangu yote, leo unanipa tena kazi?"

"Jaribu tu, mama."

Unapewa bomba la maji yenye nguvu na kitu kichafu. Basi bovu. Bwawa la kuogelea. Kila sehemu ikitakata, kengele inalia. Ting.

Kazini nikimaliza korido, watoto wanapita na matope ya theluji kabla sijageuka. Humo ukisafisha, kimesafishika. Hakuna anayerudi kukanyaga. Na bega haliumi.

We acha tu.

Mwanzo tulicheza wawili. Yeye chumbani kwake, mimi sebuleni, na kwenye skrini watu wawili wenye ovaroli za njano wanaosha meli.

"Mama, umeruka nanga."

"Nimeiona. Usinifundishe kazi, mtoto wewe."

Nikajua nimempata. Wiki ile nilifurahi. Ndiyo furaha ya mwisho ninayoikumbuka vizuri.

Kisha ovaroli yake haikuonekana tena.

Sikuuliza. Huku kwetu hatuulizani sana. Mtu akinyamaza unamwachia ukimya wake, ndiyo heshima. Nikaosha peke yangu.

Theluji ikaja. Saa nane mchana giza. Vyombo vimejaa kwenye sinki, na mimi naosha jengo la zimamoto ambalo halipo duniani. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu chochote.

Ting. Ting.

Jumamosi moja asubuhi akaja dada yangu Majvor na mikate yake ya mdalasini. Akavua viatu mlangoni kama kawaida. Nikasikia amesimama.

"Wewe, viatu vya Tuva viko wapi?"

"Si viko hapo."

"Hapa kuna vyako na vyangu."

"Basi atakuwa ameviweka chumbani."

"Nani anaweka mabuti ya theluji chumbani? Umechanganyikiwa?"

Akapita sebuleni bila kunisalimia, akaenda mpaka mlango wa Tuva. Sahani ilikuwa pale chini, madonge ya viazi yenye nyama ya nguruwe ndani, bado ya moto. Sixten akapita katikati ya miguu yake, akaanza kula bila haraka. Kama mtu aliyeandaliwa.

Majvor akamtazama. "Mbona huyu mbwa kanenepa hivi?"

Halafu akafungua mlango.

Kitanda kimetandikwa. Kompyuta haipo. Taa ya nyota ya Krismasi imezimwa dirishani.

"Mdogo wangu," akasema, sauti imeshuka. "Mtoto yuko wapi?"

Nililisikia swali. Lakini kilichonijia kichwani ni kwamba paa la zimamoto bado sijalimaliza.

Sisemi hivi kuwachekesha. Nasema mjue mtu anavyokuwa.

Majvor akampigia Tuva simu, akaweka spika nami nisikie.

"Mama mkubwa! Vipi?"

"Vipi nini? Uko wapi wewe?"

"Niko mjini Umeå. Si nimepata kazi, napika kwenye makao ya wazee. Kwani mama hajakwambia?"

"Sikuambiwa," nikasema mimi.

Tuva akaitambua sauti yangu.

"Mama, nilikuja hapo sebuleni, nimevaa koti, begi mgongoni. Nikakwambia nimepata kazi, basi linaondoka sasa hivi, utanisindikiza? Ukasema ndiyo."

"Nilisema?"

"Ulivuta pumzi."

Sisi watu wa kaskazini mara nyingi hatuitamki ndiyo. Tunavuta pumzi ndani ghafla, fyup, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, na kila mtu anaelewa. Tunavuta kwa jirani, dukani, mpaka kwa mchungaji. Imetukaa mwilini. Inatoka hata kama mwenyewe hayupo.

"Nikakusubiri mlangoni," Tuva akasema. "Nikatoka jasho ndani ya koti. Nikadhani unamalizia kidogo. Halafu ile kengele ikalia, ukatabasamu. Mama, uliitabasamia kengele. Nikaenda peke yangu."

"Mbona hukupiga simu?"

"Nilitaka nione utanitafuta lini."

Majvor akaangalia ukutani.

"Na wewe magemu yako?" nikauliza, maana ndicho nilichokuwa nimejiandaa kuuliza tangu zamani.

"Niliacha kitambo. Nilipokuona wewe, niliogopa."

Sikulia. Nilitaka, haikuja.

"Njoo kesho Jumapili, mama. Nina chumba, nina birika la kahawa. Utakuja?"

Nikavuta pumzi.

"Hapana," akasema. "Sema kwa mdomo."

Mdomo ulikuwa mzito, kama nimetoka kung'olewa jino. Majvor ananitazama. Sixten analamba sahani.

"Ndiyo," nikasema. "Nitakuja."

Jumapili nilikwenda. Sikusikia furaha kama mnavyofikiri, ilikuwa kama kushika kitu na glavu mkononi. Lakini mabuti yake yalikuwa mlangoni kwake. Nikavua yangu nikayaweka kando yake, tukanywa kahawa, na kila alichoniuliza nikamjibu kwa mdomo.

Akina mama wenzangu, watu wanatuambia tuwaangalie watoto na skrini. Ni kweli, waangalieni. Ila ukiingia humo kumfuata mwanao, mwachie mtu kazi ya kukuita kwa jina lako mpaka uitike na kugeuka. Mimi sikumwachia mtu.

Na ukitaka kujua kama mwanao yupo nyumbani, usiangalie sahani.

Angalia viatu.