Karata ya Mtu wa Kichwa Chini

Baba yangu alifukuzwa kazi na karata.

Sisemi kwa mafumbo. Karata, ile ya karatasi ngumu yenye picha.

Alirudi nyumbani mchana, mkasi wake mkubwa ameuviringisha kwenye taulo, akaketi jikoni bila hata kuvua viatu. Mama akaacha kuosha vyombo. Fundi cherehani harudi nyumbani na mkasi wake kama bado ana kazi.

"Kulikoni, mzee?"

"Bosi kanifukuza. Vitambaa vinapotea dukani, basi kaenda kwa yule msusi wa pale kona, anayebashiri kwa karata za taroti. Kauliza nani anamwibia. Ikatoka picha ya mtu kaning'inizwa kichwa chini. Nyuma yake pana shairi."

"Shairi ndiyo ushahidi?"

"Lisikilize kwanza."

Baba akalighani lote, taratibu:

*Kichwa chini kwenye mti, mguu waning'inia,*
*Huyo ndiye msaliti, nyumbani kakuingia.*

"Mle dukani tuko mafundi wawili," akasema. "Mwenzangu ni mdogo wake bosi, tumbo moja. Aliyeingia kutoka nje ni nani kama si mimi?"

Mama akasonya. "Na aliyeandika huo uchafu ni nani?"

"Uchafu, lakini vina vimekaa. Tusimnyime haki yake."

Mama akanigeukia. "Wewe si ndiye mshairi wa nyumba hii? Mtungie jibu. Mchambe mpaka akose pa kuuweka uso."

"Sawa, mama," nikasema.

Uso wangu ulishakosa pa kuwekwa. Lile shairi nililitunga mimi.

Ngoja niwaeleze.

Yule msusi aliachiwa karata zile na mteja aliyehama, pamoja na kijitabu cha maana zake kwa lugha ya kigeni. Akaniomba nimwandikie kwa Kiswahili, maneno mawili matatu nyuma ya kila karata.

"Maana tu, mwanangu. Usinipambie."

Nikacheka. Mimi niandike maana tu? Mimi niliyejifunza mizani peke yangu, ninayewatoa watu jasho kwenye magrupu ya mashairi? Nikamwambia, "Shangazi, maana bila vina ni gauni bila pindo. Niachie."

Nikakaa na kamusi kwenye simu. Jua, furaha. Hiyo ilinyooka. Mnara unaopigwa radi, jambo la uongo linaanguka. Kifo juu ya farasi, ambacho wala si msiba, ni jambo moja kwisha ili jingine lianze. Nilikuwa naserereka kama maji.

Nikafika kwa huyu wa kichwa chini.

Kijitabu kilisema: subira. Mtu anayejitoa kwa ajili ya mwingine. Nikaitazama picha. Kweli, uso wake ulikuwa mtulivu, na kichwani kazungukwa na mwanga. Msaliti hapewi mwanga.

Lakini nilishaandika "mti", na ule mstari niliupenda. Subira haiingii kwenye mti. Msaliti anaingia, tena kwa mizani kamili.

Nikasema, nani atajua?

Kesho yake baada ya baba kufukuzwa, nilikwenda dukani kwa yule mama, bosi wake. Wateja wawili walikuwa wanapimwa. Nilitaka tuongee pembeni, akakataa.

"Sema hapahapa. Baba yako alifanya kazi hadharani."

Nikasema yote. Mdogo wake bosi akazima cherehani ili asikie vizuri.

"Ngoja nielewe," bosi akasema. "Ile karata maana yake ni subira?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaandika msaliti."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Subira haikupata kina."

Mteja mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mwingine hakuhangaika kuziba, alicheka wazi.

"Kwa hiyo ungekosa neno 'msaliti' ukapata 'meneja', mzee angepanda cheo," bosi akasema. Yeye hakucheka. Akatazama meza ya baba, ambayo tayari ilikuwa imerundikwa maboksi. "Na mimi mtu mzima nikakuamini. Kamwambie arudi. Nitamwomba radhi mwenyewe, mbele ya hawahawa."

Nikarudi nyumbani. Njiani nikajitengenezea njia ya panya.

"Baba, bosi anakuita. Kagundua ile karata iliandikwa vibaya."

"Iliandikwa na nani?"

"Na... aliyeandika."

"Ana jina huyo?"

Nikatazama sakafu.

"Bafu letu ni la mabati," baba akasema. "Mwezi mzima unaoga huku unaghani. Msaliti huyo nilimjua kabla bosi hajamkuta kwenye karata."

"Ulijua? Tangu dukani?"

"Alipoanza tu kusoma."

"Sasa kwa nini hukumwambia? Ungesema ni upuuzi wa mwanao, yangeisha palepale."

"Ungepita vipi mtaa ule tena? Mimi wakiniita mwizi, wanaonijua watabisha. Wewe bado hujajulikana kwa lolote zaidi ya hayo mashairi."

"Basi ungeniuliza mimi, baba. Uliponighania hapa jikoni, ungeniuliza."

"Nilikughania. Kazi ningepata kwingine. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Kisha akaenda kuutoa mkasi kwenye taulo, akaanza kuunoa.

Nimelia kwa sababu nyingi maishani, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia kwa kuhurumiwa.

Wenzangu mnaotunga, na ninyi mnaopenda maneno yapendeze kabla ya kuwa kweli: neno la kweli likikataa kuingia kwenye ubeti, vunja ubeti. Usivunje mtu.