Sellah wa Lukoba hataki kuzika mgomba

Kifuniko cha debe kinalia mara moja, kra, kisha kimya. Ni saa kumi na moja alfajiri. Sellah Wepukhulu amepiga magoti katika jiko lake la nje, tochi ya simu mkononi, akiangalia kama siafu wameingia usiku.

Hawajaingia. Anakunja upya kitambaa cheupe kilichomo, anakibonyeza pembeni kama mtu anayemfunika mtoto, na kurudisha kifuniko polepole ili wajukuu wasiamke.

Ndani ya debe hilo mna mifupa ya mtu ambaye hakuna anayejua jina lake.

Sellah, mwenye umri wa miaka 63, hufyatua matofali katika kilima kimoja kilicho kati ya Bungoma na Kitale. Wenyeji wanapaita Lukoba, neno la Kibukusu la kijiji kilichozungushiwa ukuta. Kabla ya kuja kwa serikali ya wakoloni, watu wa sehemu hizi walivamiwa mara kwa mara kwa ajili ya ng'ombe, kwa hiyo walichimba handaki kuzunguka nyumba zao na udongo uliotoka wakaupandisha kuwa ukuta. Mlango ulikuwa mdogo, wa kuingia umeinama. Mwaka 1895 Waingereza walileta vita vya bunduki katika nchi ya Wabukusu, na kuta za namna hiyo hazikufua dafu.

Lukoba ilianguka wakati huo, wanavyosimulia wazee wa hapa. Walioweza kukimbia walikimbia. Waliobaki ndani hawakurudiwa.

Leo ukuta wenyewe umebaki kipande tu, kama urefu wa nyumba moja. Sehemu nyingine imekuwa matofali.

"Huu udongo ni mzuri kwa sababu ulishakanyagwa," anasema Sellah akiingia shimoni na jembe. "Waliukanyaga wao na ng'ombe wao. Sisi tunauza tu."

Mwenzake, Pauline Wekoye, anasukuma wilbaro iliyojaa matope. Ni mama mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo.

"Mama Wangila, leo umemsalimia mgeni wako?"

"Nimemsalimia," anajibu Sellah.

"Amesemaje?"

"Amesema uache maneno mengi, ufyatue."

Wanacheka, lakini hawacheki sana. Pauline ndiye aliyempata mtu huyo, mwezi wa Aprili. Jembe lake liligonga kitu akadhani ni mzizi. Akavuta. Ulikuwa mkono, na kwenye mkono kulikuwa na bangili nyembamba ya chuma.

"Nilikimbia hadi barabarani bila viatu," anasema Pauline. "Huyu mama akabaki peke yake. Nikirudi nakuta ametandika leso yake mpya ya kanisani, anampanga huko juu yake."

Tofali lililochomwa huuzwa shilingi nane hapa, na kumi likifikishwa Kitale. Mvua ikinyeshea tanuri kabla halijaiva, kazi ya miezi miwili inarudi kuwa matope. Hata hivyo Sellah alisimamisha kazi wiki nzima kumtafutia mtu yule pa kulala.

Alikwenda kituo cha polisi. Askari wa kike aliyefuatana naye hadi shimoni alivua kofia yake alipoona mifupa, akasimama nayo kifuani. Akaeleza kwa upole kwamba kifo cha zamani hivyo si kesi. Ofisi nyingine ilimwambia sheria inalinda mahali kama hapo, asiguse kitu, wataalamu watakuja. Tangu Aprili hawajaja. Alimrudisha mtu shimoni mara moja, mvua ya usiku mmoja ikamtoa tena, naye akamweka kwenye debe.

Ndipo akawaendea wazee wa koo tatu zinazosema watu wao walikufa Lukoba. Wote walimkaribisha, wakampa chai, na wote wakamjibu jambo moja: wetu tulishawazika.

Jibu hilo linahitaji maelezo kwa msomaji asiye wa huku. Mtu akipotea na mwili wake usipatikane, ukoo hukata shina la mgomba, hulilaza kaburini mahali pake, hulilia na kulifunika. Ndivyo walivyofanya waliokimbia Lukoba. Baba na babu zao wana makaburi, yanajulikana, yamepaliliwa. Na mtu mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili.

"Huyu hapa mwenyewe amekuja," anasema Sellah, "lakini mgomba umeshachukua nafasi yake."

Hata kama angekuwa na ukoo, ni upi? Taya la chini halina meno mawili ya mbele. Wabukusu wa zamani waling'oa meno hayo. Majirani wa mlimani, waliokuja kuteka ng'ombe, nao waling'oa. Huenda mtu wa kwenye debe alikuwa akiulinda ukuta, au alikuwa akiupanda.

Kitambaa cheupe kilitoka Kitale. Avneet, mwanamke mwenye asili ya Kihindi anayeuza vifaa vya ujenzi na ambaye huwatuma wateja wa mtaa wa Kibomet wanunue matofali kwa Sellah, alisikia habari hiyo dukani. Aliacha wateja wakingoja, akavuka barabara, akarudi na kitambaa kimekunjwa. "Kwetu tunachoma, tunapeleka majivu mtoni," alimwambia. "Ya kwenu sijui, mama. Lakini asilale ndani ya chuma hivyo tu." Sellah akitaja jina la Avneet, hushusha sauti kwa heshima.

Saa nne jua limeshika. Mwanamume mrefu aliyevaa koti anashuka taratibu kwenye kilima. Ni Wabwile, shemeji yake Sellah, au mulamwa kwa Kibukusu, mdogo wa marehemu mumewe.

"Mulamwa, habari ya kazi?" anasalimu.

"Nzuri, mulamwa. Umekuja kupima kaburi?"

Wabwile anatazama chini. "Usinianze hivyo mbele ya mgeni anayeandika, bana."

Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo Sellah hakulitaja alfajiri. Mwanawe wa pekee, Wangila, alipotea miaka saba iliyopita. Alikuwa akifyatua matofali na mama yake, akachoka, akaanza kupeleka vitunguu mpakani Suam kwa pikipiki. Jumatatu moja alimpigia mama yake simu. "Mayi, mvua imenishika huku. Nitakuja Jumatano." Simu haikupatikana tena.

Sellah alilala Suam siku kadhaa kwenye benchi la muuza chai, aliyempa blanketi na kukataa malipo. Aliingia vyumba vya maiti vya Kitale na Bungoma mpaka walinzi wakamjua. Mtu alisema amemwona Wangila huko Saboti. Alikwenda Saboti. Hakuwa yeye.

Kwa sheria ya Kenya, mtu asiyesikika kwa miaka saba anaweza kuhesabiwa amekufa. Ukoo umekaa, na umepanga kuzika mgomba mwezi wa Desemba, watu wakiwa nyumbani.

"Mimi si adui yake," anasema Wabwile, akikaa juu ya rundo la matofali. "Shamba liko kwa jina la kijana. Hatuwezi kuwapa watoto wake sehemu yao akiwa ananing'inia, hayuko hai, hayuko marehemu. Na mtu asiyezikwa anasumbua nyumba. Huyu mulamwa hajalala vizuri tangu lini? Mwulize."

Emmy, mke wa Wangila, anakubaliana naye. Ni mwembamba, husema kidogo, na ndiye aliyeleta uji wa wafanyakazi shimoni bila kuitwa. "Shuleni watoto wanaulizwa baba ni marehemu ama yuko," anasema. "Mkubwa anaandika yuko. Mdogo anaandika marehemu. Mwalimu ameniita." Anamjazia mama mkwe kikombe kwanza, kisha anaondoka bila kunywa.

Sellah hamlaumu. Anasema Emmy ni kijana bado, na amekaa naye miaka hii yote wakati angeweza kurudi kwao.

Lakini hataki mgomba. Alikuwa ameanza kukubali mwaka jana. Kisha Aprili jembe la Pauline likagonga mkono.

"Nilizunguka na huyu mtu kwa koo tatu," anasema. "Nimeona vile wanamfungia mlango, na si kwa ubaya. Mahali pake pamejaa. Sasa niende mwenyewe nijaze mahali pa Wangila? Akija, nimwambie nini? Ati tulishakuzika?"

Juni alijaribu njia nyingine. Aliwaomba wazee wa ukoo wa mumewe kwamba kama lazima kaburi lichimbwe, basi alazwe mtu wa kwenye debe badala ya shina. Kungekuwa na kaburi, na ndani yake mtu. Wabwile alikuwa wa kwanza kukataa.

"Nilimwuliza, tukimlaza huyo hapo, Wangila akirudi atalala wapi?" anakumbuka Wabwile.

"Na mimi nikamwambia, mulamwa, hapo umesema maneno yangu," anasema Sellah.

Wabwile anaokota tofali, analigeuza, analirudisha alipolitoa. Baadaye anainuka na kumsaidia Pauline kusukuma wilbaro juu ya mteremko, koti likiwa bado mwilini.

Uamuzi haujabadilika. Alasiri Sellah anaonyesha mahali palipochaguliwa, nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mumewe. Vijiti vinne vimeshachomekwa. Mgomba utakatwa kwenye shamba lake mwenyewe. Anajua ni upi.

Anasema hatapigana nao. Mwanamke hachimbi kaburi na wala hafukui. Ukuta nao hautafika mwaka ujao. Ukiisha hana udongo mwingine wala hajui atafanya kazi gani. Debe litakaa jikoni mpaka atokee wa kulichukua, na yeye haamini tena kwamba atatokea.

Amebakiwa na mpango mmoja. Siku hiyo, shina likishalazwa na kabla ya udongo kurudi, atasimama upande wa kichwa na kusema kwa sauti, kila mtu asikie: huu ni mgomba. Wangila alikwenda Suam, ana kovu la tanuri kwenye kiwiko cha kushoto.

"Hao wa zamani hakuna aliyesema," anaeleza. "Walilia, wakafunika, watoto wakakua wakijua baba yuko mle. Mimi nikisema, akija hata nikiwa nimekufa, mmoja atakumbuka. Atasema hapana, mfungulieni, hili si lake."

Anamsindikiza mwandishi hadi barabarani, akimshika mkono penye utelezi, ingawa yeye ndiye mwenye goti bovu. Gari linapokaribia hauachii mkono.

"Kuja tena, mama," anasema. "Kuja siku ya mgomba. Hawa wote ni ukoo, watataka kusahau ndiyo walale. Nataka mtu mmoja wa nje awe amesikia."