Kinyozi na Maneno ya Puani

Mdogo wangu ni kinyozi, na sijapata kuona mtu msafi anayefanya mambo machafu kama yeye. Nyembe anachemsha. Taulo anafua kwa mikono yake, anaanika juani, anapiga pasi. Kucha zake ukizitazama utadhani za bibi harusi. Basi mtu huyohuyo ndiye aliyenitia kinyaa mpaka nikashindwa kula ndani ya nyumba yangu, na sababu ni Kiingereza.

Shule aliiachia darasa la nne, baba alipofariki. Mimi hata huko sikufika. Kusoma nilijifunza ukubwani, na bado nasoma kwa kidole. Lakini mimi shule sikuililia. Yeye aliililia miaka yote, mpaka siku moja akamkuta muuza duka anachana kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ili afungie chumvi. Ilikuwa imebaki herufi ya S peke yake. Akaipokonya, akaja nayo kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni. Kwa hiyo Kiingereza chote cha mdogo wangu kinaanza na S. Ukimuuliza mlango wanauitaje, anakukodolea macho.

Ananyolea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu: kiti cha kuzunguka, benchi la kusubiria, na kioo kikubwa chenye ufa pembeni. Kwenye kioo hicho ndipo alipoanza kuandika kwa kipande cha sabuni. Alikuwa amegundua kwamba maneno yanayoanza kwa herufi mbili zilezile mara nyingi yanakaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Alianza na SW. Swing, kubembea. Sway, kuyumba. Sweep, kufagia.

"Unaona, dada? Yote yanakwenda huku na huku."

Nikaona. Lakini kuona hakukutosha. Yeye alisema neno lisilopita mwilini halikai kichwani, kwa hiyo akilitaja tu, benchi zima lionyeshe maana. Wanaume wenye wajukuu wakawa wanayumba na kubembea humo ndani mpaka benchi linalia. Sikupenda, ila nilinyamaza. Na wateja waliongezeka, hilo sitalificha. Seremala wa mtaa wa nyuma alikuwa akija kunyolewa ndevu ambazo bado hazijaota.

Ikaja SL. Slip, kuteleza. Slime, ute. Slug, konokono asiye na gamba. Huyo konokono alimleta mzimamzima ili wamwone, na akamweka wapi? Kwenye kisahani changu cha chai! Nilikitupa kisahani na konokono wake, na siku hiyo chai nikaiona kwa macho tu.

Nikadhani tumefika mwisho wa uchafu. Kumbe SN ilikuwa njiani.

"Dada, njoo uone! Sneeze, kupiga chafya. Snore, kukoroma. Sniff, kuvuta pua. Snort, kufoka kwa pua kama farasi. Snot, kamasi. Yote ya puani, dada! Yote!"

"Na snake?" seremala akauliza. "Si nyoka huyo? Nyoka ana pua gani?"

"Huyo ni mpangaji," mdogo wangu akamjibu. "Kila nyumba ina mpangaji."

Wakacheka. Mimi nilikuwa jikoni nakata kitunguu. Nikasikia, "Snot!" halafu ikafuata sauti ambayo sitaki kuiandika, na haikuwa ya kuigiza. Nikaacha kisu.

"Futa hayo maneno," nikamwambia.

"Ni elimu, dada."

"Elimu gani ya kupengwa?"

Hakufuta. Sasa, kila mwaka bwana afya hupita kukagua vinyozi. Asipogonga muhuri kwenye kibali, hunyoi, na kinyozi mwenzake wa barabara ya pili alishafungiwa kwa taulo moja tu. Mdogo wangu hana mke, hana shamba, na tangu akiwa kijana kazi anayoijua ni wembe. Nilimsihi siku ya ukaguzi mpaka nikajishusha, mimi ambaye sijishushi. Akakubali. Kioo kikaoshwa kikang'aa.

Bwana afya akaja, kijana mwenye adabu. Akanusa taulo, akainua nyembe kwenye mwanga, akapitisha kidole chini ya kiti.

"Mzee, pasafi hapa. Hebu na mimi nipunguze ndevu, kisha nigonge muhuri."

Akakaa. Mdogo wangu akampaka povu, akamnyoa shavu moja, akainua wembe kwa la pili. Povu likamwingia bwana afya puani, naye akapiga chafya.

"Sneeze!" mdogo wangu akapaza sauti. Mazoea hayo! Mdomo ulitangulia.

Na benchi likatii. Fundi viatu akapiga chafya, fundi baiskeli akapiga chafya, na seremala, mwanafunzi hodari, akainuka kabisa akaipiga ya nguvu, yenye majimaji, ikatua juu ya povu la bwana afya.

Mimi nilishika fremu ya mlango.

Bwana afya akajifuta taratibu. "Mzee, nyembe zako sina neno nazo. Lakini siwezi kugonga muhuri mahali watu wanapigiana chafya juu ya wembe. Chagua. Chumba hiki kiwe cha kunyolea, au kiwe cha hayo... hayo."

"Anachagua kunyoa, mwanangu," nikasema. "Gonga."

"Hukuulizwa wewe, dada."

Alikuwa anasuuza wembe. Akaufuta, akaufunga kwenye kitambaa.

"Nimenyoa maisha yangu yote," akasema, "na hakuna aliyewahi kurudi kesho yake kwa ajili ya wembe wangu. Kwa haya wanarudi."

Nilimwita mwendawazimu mbele ya mgeni. Bwana afya akarudisha muhuri mkobani, akaondoka na ndevu za upande mmoja.

Basi hatunyoi tena. Seremala ametengeneza benchi la pili, na wanafunzi wanaleta walichonacho: unga, mkaa, mafuta ya taa. Mdogo wangu anakula, anashiba, anaimba. Mimi ndiye ninayedeki kwa dawa kila asubuhi, pua nimeifunga kwa khanga. Na juzi nimemwona anaandika upya kwenye kioo. SP. Spit, kutema mate. Spew, kutapika. Sputum, kohozi.

Nimeweka ndoo ya mchanga nje ya mlango, na nimewatangazia wote, wazee kwa vijana: atakayeonyesha maana ndani ya nyumba yangu, atadeki kwa shati lake.